Sekunde Tisa Kwenye Ngazi za Uingereza

Shemeji yangu alifariki Uingereza akiwa mwanafunzi, na mwili wake ukarudishwa Unguja kuzikwa. Hayo yalitokea kabla mimi na mke wangu hatujahamia Guangzhou, China. Mke wangu alibaki na picha chache za kaka yake, zote za kusimama wima mbele ya mpiga picha, mikono imebanwa mapajani kama askari. Hakuna hata moja iliyomwonyesha akitembea, akicheka, au akigeuka kuitika jina lake.

Mwaka juzi ujumbe uliingia kwenye simu ya mke wangu tukiwa ofisini kwetu barabara ya Huanshi Zhonglu, ghorofa ya saba, tunamalizia orodha ya kontena la kwenda Dar es Salaam. Ulitoka kwa Mkenya mmoja aliyewahi kupanga nyumba moja na marehemu. Aliandika kwa adabu, akaomba radhi kwa kutonesha kidonda. Alikuwa amekutana mtandaoni na video ya wimbo wa zamani wa Waingereza. Siku ilipopigwa, waandaaji walikuja chuoni wakachukua wanafunzi kama kumi, wakawapeleka kwa basi dogo hadi mji fulani wa pwani ili wapite nyuma ya mwimbaji. “Mtazame ndugu yako kuanzia sekunde ya arobaini na moja,” aliandika.

Mke wangu aliweka kalamu chini. Nilivuta kiti nikakaa kando yake.

Mwimbaji anaimba chini ya ngazi ndefu za mawe zilizolowa mvua. Nyuma yake watu wanapanda na kushuka. Bibi mmoja mzee anashuka na kikapu, kikapu kinainama, machungwa yanaporomoka kidato hadi kidato. Kijana mwembamba mwenye koti la kijivu analidaka moja, anampa yule bibi, anacheka, kisha anapanda na kupotelea kwenye kona. Sekunde tisa. Baada ya hapo ni mwimbaji peke yake.

“Ndiye,” alisema mke wangu. “Ndiye yeye huyu. Cheki anavyocheka na mabega.”

Alirudisha nyuma akatazama tena. Mara tatu za mwanzo alilia. Mara ya nne uso wake ulibadilika.

“Mkono gani ule?”

“Upi?”

“Anaompa bibi wa watu chungwa. Kushoto ule.”

Nilitazama. Kweli ulikuwa wa kushoto. Nikamwambia haya ni maigizo, labda mwongozaji ndiye aliyemwamuru.

“Kaka yangu? Ampe mtu mzima kitu kwa mkono wa kushoto? Bwana we, kaka yangu hata paka hakumpa samaki kwa kushoto.”

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake katika familia ile. Marehemu alizaliwa mtu wa kushoto. Mama yake, mama mkwe wangu, alimrekebisha yeye mwenyewe, kwa miaka, kila mlo: anakaa upande wa kushoto wa mtoto na kuushika ule mkono mpaka sahani iishe. Hakumpiga wala hakumfokea. Alipofika madrasa, mtoto alikuwa anakula, anapokea na anatoa kwa kulia kama wenzake, na mama akahesabu kuwa hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kuzifanya kwa mikono yake.

Video ilimfikia Unguja siku ile ile. Alipiga simu kesho yake.

“Nimemwona mwanangu,” alisema. “Nimemwona vizuri. Ulaya ilimrudishia mkono wake.”

“Mama, ni muziki tu,” mke wangu alimwambia.

“Najua ni muziki. Na mimi nilidhani nimemaliza kazi. Kumbe alitii akiwa mbele yangu tu.” Akaaga. Tangu siku hiyo hakutaka video itajwe mbele yake.

Binti yetu alikuwa anakaribia kuhitimu chuo huko huko Uingereza, na tulikwisha panga kwenda kwenye mahafali. Mke wangu akaniambia anataka siku moja ya safari ile itolewe kwa ajili ya zile ngazi. Alitaka kusimama aliposimama kaka yake. Alidhani akifika ataelewa kwa nini mkono ulirudi, na pengine atapata cha kumwambia mama. Tatizo lilikuwa moja. Yule Mkenya hakujua mji ule unaitwaje. Alilala ndani ya basi wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

“Wewe ndiye mtu wa picha,” mke wangu aliniambia. “Nitafutie.”

Mimi ni wakala wa mizigo. Nakagua bidhaa za wateja walioko nyumbani kabla hazijapakiwa bandari ya Nansha, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutoamini picha. Kiwanda kinakutumia picha ya jengo kubwa lenye bendera. Ukienda unakuta chumba kimoja juu ya duka la tambi. Kwa hiyo nimejifunza, bila mwalimu, kusoma picha kama watu wanavyosoma hati: vigae vya sakafu, nguzo za umeme, kivuli kinakoangukia, aina ya madirisha. Mara nyingi nimekijua kiwanda halisi kabla ya kupanda basi kwenda kukiona.

Nilizifanyia ngazi kazi ile ile. Nilichapisha picha kumi na moja kutoka kwenye video, nikanunua daftari jipya, nikaandika kila kilichoonekana. Ngazi zinapanda na kupinda kulia. Ukuta wa mawe uko kushoto, reli ya chuma kulia, na nyuma ya reli kipande cha bahari. Bomba tatu za moshi juu ya paa. Mnara mdogo wa saa. Juu kabisa barabara, na gari dogo la mizigo linapita. Mkono wa shemeji yangu sikuuandika. Mkono si jengo.

Kisha nikaanza kusoma kuhusu pwani ya Uingereza, na hapo niseme wazi kwamba niliingia kwa ajili ya mke wangu nikabaki kwa ajili yangu. Sikujua kwamba nchi ile inaweza kusomwa kwa mawe yake. Kusini mashariki kuta nyingi ni za mawe magumu meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika. Ukipanda kaskazini mawe yanakuwa ya mchanga, rangi ya asali, halafu rangi ya chai, halafu yanapigwa weusi na moshi wa makaa wa zamani. Vigae vya paa navyo vinabadilika kutoka wilaya hadi wilaya. Mtu aliyevizoea hahitaji kibao cha jina la mji, kama vile mke wangu asivyohitaji lebo kujua kanga imetoka wapi. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na sikuwahi kukanyaga huko, lakini baada ya miezi miwili niliweza kusema kwa uhakika kiasi kwamba ngazi zetu ziko pwani ya mashariki, juu, kaskazini.

Nilitembea mji kwa mji kwa zile picha za mitaani zilizoko mtandaoni, ambazo China zimefungwa, kwa njia tunazozijua sote tunaoishi hapa. Kila mji wenye ngazi nikaupa namba. Nikilinganisha na kukuta tofauti, nafuta kwa mstari mmoja na kuandika sababu: reli ya mbao, hakuna mnara, zinapinda kushoto.

Wateja walizoea kukuta picha zile ukutani. Mfanyabiashara mmoja wa Unguja anayenunua mikoba alizikagua siku moja kwa makini huku ananywa chai.

“Profesa, sasa unasafirisha ngazi?”

“Natafuta ziliko.”

“Ukizipata niambie kontena moja zinaingia ngapi.”

Mke wangu alicheka pamoja naye, lakini tukibaki wawili alikuwa ananiuliza swali lile lile kila Ijumaa: “Bado?” Nami nilikuwa namjibu: “Bado.” Daftari lilifika namba arobaini na sita. Mahafali yalikuwa yamebakiza wiki tano.

Wiki hiyo tulikwenda Shiling kumwangalia muuza mikoba mpya kwa niaba ya mteja wa Kariakoo. Laoban, yaani mwenye biashara, alikuwa mchangamfu, akatukaribisha chai katika chumba cha maonyesho chenye mikoba mizuri. Kiwanda chenyewe, alisema, kiko mbali kidogo na leo kimefungwa, lakini picha zake hizi hapa. Akampa mke wangu simu. Ilikuwa picha ya ukumbi mrefu, mafundi wameinamia cherehani, safu baada ya safu. Mke wangu, ambaye alishona nguo Mchangani kwa miaka sita kabla sijamwoa, aliiangalia kwa muda mfupi tu.

“Muulize,” aliniambia, “cherehani zake zimetengenezwa wapi? Gurudumu liko kushoto.”

Gurudumu la cherehani huwa mkono wa kulia wa mshonaji, duniani kote. Katika picha ile yote yalikuwa kushoto. Nilimwonyesha laoban kwa kidole. Aliangalia, akacheka kwa sauti, akapunga mkono akisema “meiyou, meiyou,” hakuna, hakuna tatizo, na kujaza vikombe chai ambayo hakuna aliyeinywa. Kiwanda kilikuwa cha mtu mwingine. Picha iligeuzwa, kulia kukawa kushoto, ili mwenyewe asiitambue.

Ndani ya basi la kurudi mke wangu alikuwa bado anafurahi. “Kaigeuza kama kitambaa,” alisema. “Hakujua mbele yake kakaa fundi.”

Nilitoa daftari kwenye begi, nikachomoa ile picha iliyochapishwa ya shemeji na chungwa, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha, upande wa picha ukitazama nje, mgongo wa karatasi ukinitazama mimi. Mwanga wa nje ukapenya. Ngazi zilipinda kushoto. Bahari ilikuwa kushoto. Kisha nikampa mke wangu picha nyingine, ambayo sikuigeuza, nikamwambia atazame lile gari dogo kule juu.

“Linapita upande gani wa barabara?”

“Kulia. Kama basi letu hili.”

“Na Uingereza wanapita upande gani?”

Uingereza wanapita kushoto, kama Dar es Salaam, kama Unguja, kama tulivyopita sisi wote wawili mpaka tulipokuwa watu wazima. Lakini tumeishi Guangzhou miaka kumi na tatu. Kila siku tunavuka Huanshi Zhonglu tukitazama kwanza kushoto, na jicho limezoea. Tuliitazama video ile mamia ya mara na lile gari lilipita upande wetu wa kila siku, halikutushtua.

Kisha mke wangu akaiangalia karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. Shemeji alikuwa anampa bibi chungwa kwa mkono wa kulia.

“Nilikwambia,” alisema polepole. “Siku ya kwanza nilikwambia.”

Alikuwa ameniambia. Kati ya ushahidi wote ule, ule wa kwanza na wa hakika kuliko mingine ulitoka kwake, nami sikuupa hata namba. Nilifungua daftari. Namba ishirini na tatu, mji mdogo wa wavuvi, mawe ya rangi ya chai: reli ya chuma, ndiyo, bomba tatu, ndiyo, mnara wa saa, ndiyo. Chini yake mwandiko wangu mwenyewe: zinapinda kushoto, sizo. Nilikuwa nimeufuta kwa rula.

Baadaye nilisoma kwa nini watu wa filamu hufanya hivyo. Ikiwa katika picha iliyotangulia mwimbaji anaelekea kulia, na katika inayofuata anaelekea kushoto, mtazamaji anahisi amerudi alikotoka. Kwa hiyo mhariri akigundua kosa hilo wakati kila mtu amekwisha kwenda nyumbani, anaigeuza picha, mradi isiwe na maandishi. Ni suluhisho safi. Nililistahi hata nilipokuwa nahesabu miezi iliyonigharimu.

Jioni hiyo niliigeuza video kwenye kompyuta tukamtumia mama Unguja, pamoja na maelezo marefu niliyoyaandika mimi. Alipiga simu baada ya nusu saa.

“Kwa hiyo mmemkata mkono mkambandikia mwingine.”

“Tumeigeuza tu, Mama,” nilisema. “Wao ndio walioanza kuigeuza. Sisi tumeirudisha.”

“Mkwe wangu, wewe ni mtu mwema. Lakini nyinyi mnakaa huko inakotengenezwa kila bandia iliyoko duniani. Mtashindwa na hili?”

“Mama!” mke wangu alisema.

“Nakuombea kheri, mwanangu. Usinitengenezee mtoto.”

Basi safari ikawa na kazi nyingine. Mke wangu hakuhitaji tena kuelewa chochote kwenye zile ngazi. Alitaka mama yake aamini.

Tulikwenda. Mahafali yalipita vizuri, na binti yetu, ambaye aliona wazazi wake wamegeuka watafiti wa filamu, aliamua kutuzoesha kwa kutupeleka kwanza mahali pengine pawili. Pa kwanza palikuwa mtaa wa nyumba za kale ambako, alisema, kila mwaka mtu anakuja kupiga filamu ya zamani za farasi na magari ya kukokotwa. Mwenye nyumba mmoja alikuwa anamwagilia maua, akatueleza jinsi wanavyofunika kengele za wezi kwa vijisanduku vya mbao vilivyopakwa rangi ya ukuta, na kumwaga udongo juu ya lami yote. Wakimaliza, wanafagia. “Siku ya tatu nilitafuta hata chembe ya udongo,” alisema, “nikakuta mtaa ni safi kuliko walivyoukuta.” Pa pili palikuwa stesheni ndogo ya treni mashambani, bado inafanya kazi, ambako wapenzi waliagana katika filamu ambayo binti yetu aliipenda akiwa mdogo. Alisimama penyewe kabisa, akatuomba tumpige picha, na treni ya kawaida ikaja ikashusha watu na mifuko ya mboga. Nilivutiwa na hilo. Mahali paliwahi kuwa kitu kikubwa machoni pa mamilioni, na palirudi kazini kesho yake bila kujivuna.

Siku ya tano tukapanda treni kwenda kaskazini, mimi na mke wangu peke yetu. Kuanzia stesheni ya mwisho tulichukua basi. Nilikuwa na daftari mapajani na nilitambua mawe kabla dereva hajatangaza mji. Sitautaja. Ni mdogo, na watu wake wana wageni wa kutosha.

Ngazi zilikuwa pale. Nimekagua vitu vingi maishani nikilinganisha na sampuli, na siku nyingi kitu halisi kimekuwa pungufu. Hapa kilikuwa zaidi. Ukuta ulikuwa na kuvu la kijani katika kila kiungo cha mawe, ambalo kamera haikulipata. Vidato vilikuwa vimelika katikati kwa miguu ya watu, vikatengeneza bonde dogo ambalo maji ya mvua yaliteremka nalo. Reli ilikuwa ya baridi sana. Niliviona vyote kwa utaratibu: bomba tatu, mnara, kona. Bahari kushoto. Mke wangu alikuwa amesimama chini, amejifunga mtandio kwa upepo.

Bibi mmoja mwenye mbwa alikuwa anashuka. Alituona na karatasi zetu akatabasamu.

“Mmekuja kwa ajili ya maiti?”

Nilimwomba arudie.

“Maiti ya kwenye tamthilia. Ilikutwa kidato cha kumi na tano. Wageni wote hulala pale wapigwe picha. Angalieni tu, mbwa naye hupapenda.”

Nilimweleza kwamba sisi tumekuja kwa ajili ya wimbo, wa zamani zaidi, na nikamwonyesha picha. Aliivaa miwani yake.

“Ule! Siku ile mvua ilikataa kunyesha. Katika mji huu, hebu fikiria, mvua imekataa! Wakaleta mpira wa maji wakaziosha ngazi tangu alfajiri. Na machungwa yalitapakaa mpaka kule chini bandarini. Mtaa mzima tuliyala wiki nzima.”

Mke wangu alimwonyesha kijana wa koti la kijivu. “Huyu ni kaka yangu. Unamkumbuka?”

Bibi alisogeza picha karibu, akaisogeza mbali. Tulingoja.

“Hapana,” alisema. “Walikuwa vijana wengi, nami nilikuwa namtazama mwimbaji. Ningependa kukwambia namkumbuka. Lakini simkumbuki.”

“Ahsante,” mke wangu alimwambia, na alimaanisha. Kule tunakofanya kazi tumezoea watu wanaotukubalia kila kitu. Bibi alimshika bega kidogo, akaenda na mbwa wake.

Ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Unguja adhuhuri ilikwisha swaliwa. Tulimpigia mama kwa video. Uso wake ulitokea karibu mno na kioo, kama kawaida yake, paji la uso na jicho moja.

“Mmefika?”

“Tumefika, Mama. Hizi hapa.” Mke wangu aligeuza kamera.

“Zinapinda kushoto,” alisema mama. Kumbe alizijua vizuri. Aliyekataa video itajwe alikuwa ameitazama kuliko sisi.

“Ndivyo zilivyo, Mama. Na bahari ile, mkono wa kushoto.”

“Na simu hii haigeuzi?”

Mke wangu alinitazama. Nilikuwa nimelifikiria swali hilo tangu Guangzhou. Pembeni mwa ukuta, kwenye kidato cha nne, palikuwa na kibao cha chuma cha halmashauri. Nilimwambia mke wangu asogeze simu pale.

“Mama,” nilisema, “tafadhali tusomee maandishi hayo. Herufi zikigeuka hazisomeki. Ukizisoma, simu haidanganyi.”

Mama alisoma shule ya serikali mpaka darasa la nane na herufi zake hazina wasiwasi. Alizitamka moja moja, kwa sauti ya mtu aliye shahidi mahakamani, mstari wa kwanza wote na nusu ya wa pili.

“Zimekaa sawa,” alisema. “Wanasemaje?”

“Wanasema mbwa wafungwe kamba,” mke wangu alimjibu.

“Mbwa wa huko wanasoma?”

“Mama, ni kwa ajili ya wenyewe.”

“Haya. Nionyeshe tena bahari.”

Mke wangu alimwonyesha bahari kushoto, ukuta kulia, kona. Alipanda mpaka mahali pa chungwa, ambapo nilikuwa nimepapima kwa picha: kidato cha ishirini na mbili, mkabala na jiwe lililopasuka. Akageuka kama kaka yake alivyogeuka, ukuta ukiwa upande wa mkono wake wa kulia, na akaunyoosha mkono huo mbele ya simu, mtupu. Tulisikia kwake kuku, na mtu anaburuta ndoo.

“Ulikuwa wa kulia,” mama alisema hatimaye. Halafu, kwa sauti nyingine kabisa, ya ndani, kana kwamba anasema na marehemu: “Mwanangu. Nimekudhulumu miezi yote hii.”

Mke wangu alikaa chini kwenye kidato kilicholowa. Nilidhani ndiyo mwisho, nikajiandaa kuipokea simu. Lakini uso wa mama ulirudi kwenye kioo, safari hii wote.

“Akapinda kona ile,” alisema. “Akaenda wapi?”

“Video inaishia hapo, Mama.”

“Video ndiyo iliyoishia. Yeye alikuwa na miguu. Hebu panda.”

Tukapanda. Mke wangu alishika simu mbele na mimi nikamshika kiwiko, maana vidato vya juu vilikuwa na utelezi. Kona ilipita, ile ambayo niliitazama miezi yote ile kama ukingo wa dunia. Nyuma yake ngazi ziliendelea, vidato vingine thelathini na kimoja ambavyo havikuwa kwenye picha yoyote, halafu tukatokea barabarani. Palikuwa na nyumba zilizopangana, soksi kwenye kamba, baiskeli ya mtoto imelala, na upande wa pili kiwanja cha kuegesha magari, chenye changarawe.

“Hapo,” mama alisema.

“Hapo nini, Mama?”

“Hapo ndipo lilipowangoja basi lao. Mtu akishatoka kwenye maji na baridi ile, anakwenda kwenye basi.”

Sikuwa na ushahidi wowote wa hilo. Kiwanja kingeweza kuwa kimetengenezwa juzi. Nilifungua mdomo, mke wangu akanitazama, nikaufunga.

“Ishikilie hapo hapo,” mama alisema. “Usiitikise.”

Mke wangu aliiegemeza simu kwenye ukuta mfupi, ikielekea kiwanjani. Palikuwa na gari mbili na pipa la taka. Upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini. Tulisimama kando, nje ya picha, na mama yake Unguja akatazama changarawe ile kwa muda mrefu. Hakusema tukate, nasi hatukukata.